Spieth 2015, Scheffler 2022 au Korda 2021: uanze kufuatilia msimu upi wa kuchomoza?

Anayeanza kupenda gofu hufika mahali matokeo ya Jumapili hayamtoshi tena. Anataka kujua kwa nini fulani ameshinda, na kwa nini leo, si mwaka jana. Dawa yake naijua moja: chagua mchezaji mmoja, chukua msimu aliochomoza nao, uufuate shindano kwa shindano hadi mwisho. Gofu ya mwaka mzima inafundisha kuliko mikwaju mizuri iliyokatwakatwa na kuunganishwa kwenye video ya dakika tano.

Ila misimu ya kuchomoza ni mingi, na haifundishi jambo moja. Hapa nimeweka mitatu ubavu kwa ubavu: Jordan Spieth mwaka 2015, Scottie Scheffler mwaka 2022 na Nelly Korda mwaka 2021. Tiger Woods wa 1997 nimemwacha makusudi. Alishinda Masters kwa tofauti ya mikwaju 12 akiwa na miaka 21. Ni jambo la kustaajabisha, lakini mtu akiwa mbele kiasi hicho humwoni akitafuta njia ya kutoka kwenye shida. Anayejifunza anahitaji kuiona shida.

Maneno machache kwa mgeni kabla hatujaenda mbali. Pa ni idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwenye shimo. Bedi ni mkwaju mmoja chini ya pa, bogi ni mmoja juu yake. Grini ni ile sehemu ya majani mafupi yenye shimo na bendera. Kedi ndiye anayebeba mfuko wa fimbo, na kwa wachezaji hawa ndiye pia mshauri. PGA Tour ni ziara kuu ya wanaume Marekani, LPGA ni ya wanawake. Mashindano makubwa ya wanaume ni manne kwa mwaka: Masters (huchezwa Augusta, na bingwa huvikwa koti la kijani), US Open, The Open na PGA Championship; wanawake wana yao.

Kabla ya mlango kufunguka

Spieth na Scheffler wametoka udongo mmoja. Wote wamekulia Dallas, Texas, na wote walichezea Chuo Kikuu cha Texas. Njia zao ndizo zilizoachana.

Spieth alikimbia. Aliacha chuo mwishoni mwa 2012, akaingia 2013 bila haki ya kudumu ya kucheza PGA Tour, na Julai mwaka huo akanyakua John Deere Classic akiwa na miaka 19. Kwenye shimo la 72, la mwisho la shindano, alikuwa mchangani. Akaupiga mpira, ukaingia shimoni moja kwa moja, akapata nafasi ya mashimo ya nyongeza, akashinda. Tangu 1931 hakuna aliyekuwa ameshinda kwenye ziara ile akiwa chini ya miaka 20. Kisha 2014 ikapita yote bila ushindi wa PGA Tour. Masters ya mwaka huo aliongoza Jumapili kwa mikwaju miwili baada ya mashimo saba, Bubba Watson akampita na kuondoka na koti la kijani.

Scheffler alipanda ngazi moja moja. Mwaka 2019 alikuwa mchezaji bora wa Korn Ferry Tour, daraja la chini ya PGA Tour. Mwaka 2020 akawa mchezaji mpya bora wa PGA Tour, na msimu huohuo akamaliza raundi moja kwa mikwaju 59, jambo ambalo ni wachache sana wamewahi kulifanya. Kwenye mashindano makubwa alikuwa akimaliza ndani ya kumi bora mara kwa mara. Kombe tu ndilo halikuja. Septemba 2021 nahodha Steve Stricker alimwita kwenye Kombe la Ryder, shindano la timu kati ya Marekani na Ulaya, ilhali hajashinda hata shindano moja la PGA Tour, na watu wakauliza maswali. Jumapili alipangwa na Jon Rahm, namba moja duniani wakati huo, akammaliza yakiwa yamebaki mashimo matatu. Ukitaka kuona mbegu ya 2022, anza na mechi hiyo.

Korda ni habari nyingine kidogo. Alikuwa tayari na mataji matatu ya LPGA kabla ya 2021, kwa hiyo mtu anaweza kusema alishachomoza. Mimi namhesabu, kwa sababu alikuwa hajashinda shindano kubwa hata moja na hajawahi kukaa juu ya orodha ya dunia. Tena alikuwa bado anatajwa kama binti wa Petr Korda, bingwa wa tenisi wa Australian Open ya 1998, na mdogo wa dada yake Jessica. Dada huyo ndiye aliyeshinda shindano la kufungua msimu wa 2021, na wiki ya LPGA iliyofuata, mwezi Februari, Nelly akashinda lake.

Walichoshinda

Kwa makombe tu, Spieth anawaacha wenzake. Mwaka 2015 alishinda mara tano PGA Tour: Valspar, Masters, US Open, John Deere na Tour Championship. Masters aliongoza kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, jambo lililokuwa halijaonekana pale Augusta tangu Raymond Floyd mwaka 1976, akamaliza 18 chini ya pa, sawa na rekodi ya Woods ya 1997 iliyokuwa ikisimama. Alipiga bedi 28 ndani ya siku nne. The Open pale St Andrews alikosa mashimo ya nyongeza kwa mkwaju mmoja, na kwenye PGA Championship akawa wa pili nyuma ya Jason Day. Ina maana kwenye mashindano makubwa yote manne ya mwaka, mikwaju michache tu ndiyo iliyomtenga na historia ambayo hakuna mtu wa zama hizi aliyeifikia. Fedha za mashindano zilipita dola milioni 12, na bonasi ya FedEx Cup, ubingwa wa alama za msimu mzima, ya dola milioni 10 ikaja juu yake.

Scheffler alishinda mara nne, zote kati ya Februari na Aprili. Phoenix Open ilikuja 13 Februari 2022, kwenye shimo la tatu la nyongeza dhidi ya Patrick Cantlay. Machi akachukua Arnold Palmer Invitational, kisha Match Play, shindano la mechi za ana kwa ana, pale Austin, ambako mwaka mmoja kabla alikuwa amepoteza fainali kwa Billy Horschel. Ushindi wa Austin ukampandisha namba moja duniani, siku 42 tu tangu Phoenix. Wiki mbili baadaye akashinda Masters.

Korda alishinda mara nne LPGA, likiwemo shindano lake kubwa la kwanza, Women's PGA Championship, aliloshinda kwa 19 chini ya pa mwezi Juni. Ushindi huo ukamfanya namba moja duniani, Mmarekani wa kwanza kufika hapo tangu Stacy Lewis mwaka 2014. Agosti akaongeza dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo.

Ukiishia hapa utamchagua Spieth na mjadala umekwisha. Lakini makombe yanakuambia nani alishinda. Kwa anayetaka kujifunza mchezo, swali lenye faida ni kitu gani kilimshikilia mchezaji siku mambo yalipokwenda mrama. Hapo ndipo misimu hii mitatu inapoachana kabisa.

Siku mbaya zilivyokuwa

Anza na Spieth, Jumamosi ya Masters. Alikuwa anaongoza kwa mbali, akaharibu shimo la 17 kwa mikwaju miwili juu ya pa. Kwenye la 18 mkwaju wake wa pili ukatua kulia kwa grini, mahali mpira unapokaa kwenye mteremko na grini inakimbia kwenda upande ule ule. Wachezaji wengi wangechagua njia salama na kukubali bogi. Yeye akafungua uso wa fimbo, akauinua mpira juu sana, ukatua laini na kusimama futi chache kutoka shimoni, akaumalizia kwa pa. Badala ya kulala na hofu, akalala na uongozi wa mikwaju minne. Binafsi naona Masters ile iliamuliwa pale, Jumapili ilikuwa ya kukamilisha hesabu.

US Open ya Chambers Bay ndiyo inayoonyesha upande wa pili. Grini zilikuwa na matuta, wachezaji wakilalamika waziwazi. Spieth alifika shimo la 17 siku ya mwisho akiwa mbele, akalichafua kwa mikwaju miwili juu ya pa. Shimo la 18, lenye pa ya tano siku hiyo, akalifikia grini kwa mikwaju miwili, akapata bedi, akamaliza tano chini. Kisha akalazimika kusubiri. Dustin Johnson alikuwa nyuma yake na mkwaju wa futi 12 ambao ungempa ubingwa. Akaukosa, akaukosa na ule wa kurudisha pia. Spieth alishinda bila hata kuhitaji mashimo ya nyongeza. Itazame sehemu hiyo taratibu, umwangalie Johnson kuliko Spieth, uone mwili wa mtu unavyobadilika mbele ya mkwaju mfupi.

Kwa Scheffler, siku ya kutazama ni Jumapili ya Masters. Asubuhi yake, kama alivyoeleza mwenyewe kwa waandishi baada ya kushinda, alilia na kumwambia mkewe Meredith kwamba hajisikii tayari kwa jambo kubwa namna ile. Alianza raundi akiwa mbele ya Cameron Smith kwa mikwaju mitatu. Smith akapiga bedi shimo la kwanza na la pili, na tofauti ikawa mkwaju mmoja. Shimo la tatu wote wawili wakaishia chini ya kilima kilicho mbele ya grini. Mpira wa Scheffler ulikuwa pabaya. Akaupiga chini chini, ukagonga mteremko, ukapanda, ukajiviringisha hadi ndani. Smith akapata bogi. Tofauti ikarudi mitatu kwa mkwaju mmoja wa kwake na kosa moja la mwenzake. Shimo la 12 Smith akautumbukiza mpira majini na mashindano yakafungwa. Rory McIlroy alipiga mikwaju 64 siku hiyo na bado akaishia nyuma kwa mitatu.

Kwenye shimo la mwisho Scheffler alihitaji mikwaju minne ya grini kuuingiza mpira. Uongozi ulikuwa mkubwa mno kwa kosa hilo kumdhuru, lakini likumbuke, nitalirudia.

Korda ana siku mbili. Ya kwanza ni raundi ya pili ya Olimpiki pale Kasumigaseki, alipofika shimo la 18 akiwa na nafasi ya kumaliza kwa mikwaju 59. Akaliharibu, mikwaju miwili juu ya pa, akaandika 62. Ilikuwa raundi ya kushangaza iliyoacha ladha chungu. Mwisho wa wiki alishinda dhahabu kwa tofauti ya mkwaju mmoja. Ya pili ni Pelican Women's Championship, Novemba. Zikiwa zimebaki mashimo mawili, kwenye la 17 akapiga mikwaju mitatu juu ya pa. Mtu wa kawaida angekuwa anawaza safari ya kurudi nyumbani. Akapiga bedi shimo la 18, akaingia kwenye mashimo ya nyongeza na wenzake watatu, Lydia Ko na Lexi Thompson wakiwemo, akapiga bedi tena hapohapo na kombe likawa lake. Kwa kujifunza kusahau kosa, sijui mashimo matatu mengine yanayofundisha vizuri kuliko hayo.

Fimbo iliyobeba msimu

Spieth alibebwa na fimbo ya grini. Anaishika mkono wa kushoto ukiwa chini ya wa kulia, kinyume na wengi, na kwenye mikwaju mifupi hutazama shimo badala ya mpira. Mwaka 2015 mikwaju ya mbali ilimwingilia kana kwamba grini zote alizizoea tangu utotoni. Mikwaju yake ya kutoka mbali ilikuwa nzuri, lakini kilichowavunja moyo wapinzani ni kwamba hata alipokosea alikuwa akiokoa pa.

Scheffler alibebwa na kila kitu kabla ya grini: draiva, fimbo za chuma, na mikwaju mifupi ya pembeni mwa grini. Ukimtazama kwa mara ya kwanza utashangaa miguu yake, maana mguu wa kulia huteleza kurudi nyuma wakati wa kupiga, kama mtu anayetaka kuanguka. Kocha wake wa tangu utotoni, Randy Smith, hakuubadilisha mtindo huo. Aliona fimbo inafika kwenye mpira ikiwa sawa kila mara, akaacha.

Tofauti hii ndiyo sababu kubwa ya pendekezo langu. Ustadi wa grini huja na kuondoka. Spieth alishinda The Open mwaka 2017 pale Royal Birkdale, kisha akakaa karibu miaka minne bila ushindi hadi Valero Texas Open ya Aprili 2021. Scheffler naye fimbo ya grini ilimgomea, na ile mikwaju minne ya Augusta ilikuwa dalili. Mwaka 2023 alihangaika nayo msimu mzima. Lakini hata katika kuhangaika huko alishinda Phoenix tena na The Players, kwa sababu aliifikisha mipira karibu na bendera mara nyingi kuliko wengine. Alipompata kocha Phil Kenyon wa kumsaidia kwenye grini, mwaka 2024 ukaja na mataji saba ya PGA Tour pamoja na dhahabu ya Olimpiki ya Paris, na 2025 akaongeza PGA Championship na The Open.

Korda hana upande mmoja unaozidi mingine. Bembeo lake la fimbo ni safi, lenye mizani, halina kitu cha ajabu cha kuelezea, na hiyo ndiyo faida yake kwako. Wataalamu wengi wa kufundisha huwaambia wanaume wa kawaida wawatazame wachezaji wa LPGA badala ya wa PGA Tour, kwa kuwa kasi ya fimbo zao iko karibu zaidi na ya mtu wa kawaida. Kumwiga Scheffler miguu ni kujitafutia maumivu. Kumwiga Korda mizani yake ni jambo linalowezekana.

Makedi

Hili watu hulipita haraka, na si haki. Kedi wa Spieth, Michael Greller, alikuwa mwalimu wa hesabu wa watoto kabla ya kazi hii. Msikilize mazungumzo yao kabla ya kila mkwaju: Spieth anazungumza bila kukoma, Greller anamrudisha kwenye namba. Vinasa sauti vya televisheni vinanasa mengi. Chambers Bay Greller aliijua vizuri, ni uwanja wa jimbo alilofundisha.

Scheffler alianza kufanya kazi na Ted Scott mwishoni mwa 2021. Scott ndiye aliyembebea Bubba Watson alipochukua Masters mbili, 2012 na 2014, ikiwa ni pamoja na ile aliyomnyang'anya Spieth. Miezi michache baada ya kuungana naye, mchezaji aliyekuwa hana kombe akaanza kuyakusanya. Siamini ni bahati tupu. Mazungumzo yao ni mafupi, na ukizoea ya Spieth utadhani hawaongei kabisa.

Nusu ya pili ya mwaka

Msimu mzuri wa kufuatilia lazima uwe na sehemu inayouma. Spieth, baada ya kufika namba moja Agosti, aliondolewa kwenye mchujo wa siku ya pili mara mbili mfululizo, kisha akazinduka na kushinda Tour Championship kwa mikwaju minne. Kwa Scheffler kibao kiligeuka. Baada ya Masters hakushinda tena msimu ule: alitoka mapema PGA Championship, akashindwa na Sam Burns kwenye shimo la nyongeza pale Colonial, akawa wa pili US Open nyuma ya Matt Fitzpatrick, na Tour Championship aliingia siku ya mwisho akiwa mbele kwa mikwaju sita na McIlroy akamfikia na kumpita. Korda alifunga mwaka kwa kumwona Jin Young Ko akichukua shindano la mwisho pamoja na tuzo ya mchezaji bora.

Kwa hiyo, uanze na nani?

Kama unaanza kabisa na unataka kuelewa ushindi wa gofu unavyopatikana na unavyopotea, chukua Scheffler 2022. Ni msimu mfupi kuufuata kwa kuwa ushindi wote umo ndani ya miezi miwili, una aina zote za mashindano ikiwemo mechi ya ana kwa ana, na anguko la Tour Championship la Agosti lipo. Zaidi ya yote, ukishaumaliza utakuwa umeelewa kwa nini miaka yake iliyofuata ilikuwa vile.

Kama tayari unajua mchezo na unachotaka ni msisimko, Spieth 2015 hana mpinzani hapa. Anza na Masters, ruka hadi Chambers Bay, kisha Jumatatu ya St Andrews, pale alipopiga bedi ya mbali shimo la 16 na kufikia uongozi, kabla ya bogi ya 17 kumtoa.

Na kama unashika fimbo mwenyewe, unacheza, unataka kitu cha kupeleka uwanjani, Korda 2021 ndiye wako, hata kama marafiki zako wote wanawazungumzia wanaume. Mtazame kutoka pembeni, si kutoka nyuma.

Kupatikana kwa video nako kuna uzito. Masters wameweka kwenye YouTube matangazo kamili ya siku ya mwisho ya miaka mingi, 2015 na 2022 zikiwemo. Kwa hiyo Spieth na Scheffler unaweza kuwaweka sawasawa, uwanja mmoja, mashimo yale yale, miaka saba katikati. Mwenye jioni moja tu atazame shimo la tatu, la 12 na la 18 la kila mmoja.